Kofia ya Birika

Benchi letu liko nje ya duka la kunakili karatasi, mguu mmoja umewekewa tofali. Asubuhi hiyo Birika, muuza kahawa wetu, alikuja kichwa wazi, bila kofia yake ya sufi yenye kiraka, na hakuna aliyemuuliza. Wenzangu walikuwa na lao: sehemu mpya ya ile katuni ya shujaa wa kinyago anayesaka majambazi, iliyotoka juzi. Picha zake nachora mimi, na kijiweni wanajua nachora mabango tu.

Spana, fundi pikipiki, ndiye aliyeanza.

— Hadithi tamu, ila shujaa anapaa na koti halipepei?

— Koti la chuma lile, akasema Profesa, mpiga chapa mstaafu. — Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kinaingiaje hapo?

— Kinaingia, we subiri. Shujaa na mwizi ni baba mmoja. Ndiyo maana hampigi usoni.

— Wapi. Shujaa alishakufa zamani. Ule mzimu, hauna hata kivuli.

Kivuli nilisahau kukichora.

— Ila mwizi kachorwa, Spana akaendelea. — Ile pua, kovu la kidevuni, kofia ya kiraka. Mpaka anavyomimina petroli kwa mkono wa kushoto. Yule mtu nimeshamwona ma...

Akakatisha. Profesa akatazama viatu vyake. Birika akawa anasuuza vikombe, kwa kushoto.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Siku ya kumchora kazi ilinibana, wachapishaji walitaka sura ya mwizi kabla ya jioni, nikachukua iliyokuwa karibu: ya mtu anayenimiminia kahawa kila siku.

Mara akafika binti yake Birika, na sare za shule, kofia mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Baba, umesahau kofia.

— Sijasahau, mama. Irudishe nyumbani.

Hakuondoka. Akatugeukia sisi.

— Tangu jana shuleni naitwa binti wa mwizi. Eti wajomba, huyo aliyemchora, baba alimwibia nini?

Profesa alitafuta methali, akaikosa.

— Msimsikilize, mtoto huyo, akasema Birika. Akainua birika, akaanza na mimi. — Lete kikombe, Brashi. Leo umepoa sana, unaumwa?

Jibu la binti nilikuwa nalo. Nikanyoosha kikombe.