Mikono Iliyokataliwa na Mashine

Jina la Bwana lisifiwe, wapendwa. Nasimama mbele yenu na mikono laini kama ya karani, na wanaonifahamu wanajua kwamba hilo peke yake ni ushuhuda.

Mimi nilikuwa mtu wa chokaa. Kule Makongolosi, kwenye mtambo wa kuchenjua dhahabu, yaani kuitenga na mawe, kazi yangu ilikuwa kumwaga chokaa katika matangi na kuikoroga. Asubuhi moja tulikuta geti limefungwa, mlinzi akatupitishia barua za kuachishwa kazi kwenye kitundu. Mwajiri alisema mawe hayatoi tena kitu. Mimi nikasema moyoni, mwongo huyo. Nikarudi hapa mtaani kwetu Soweto kwa mke wangu Tusajigwe na mwanetu Neema, nikiwa na begi moja na shuku gunia zima.

Ndugu zangu, shuku ni kama ukungu wetu wa asubuhi. Hauibi kitu. Unakuzuia tu usiuone mlango wa jirani.

Niliambiwa kwamba mtu aliyeachishwa kazi ana haki ya fao la kukosa ajira, katika mfuko tuliokuwa tunakatwa kila mwezi. Nikaenda ofisini na barua yangu na kitambulisho cha taifa. Dirishani alikaa dada mwenye sweta la kijani. Akaniambia niweke kidole kwenye mashine. Ikakataa. Nikajaribu vidole vyote, ikavikataa vyote.

"Baba, sasa hivi unafanya kazi gani?" akaniuliza.

"Saidia fundi. Nakoroga zege."

"Basi acha kwanza. Alama za vidole zimefutika. Pumzisha mikono wiki kadhaa, paka mafuta, ngozi ikirudi uje."

Nilitoka nikicheka cheko baya. Niache zege, mtoto ale nini? Nikaona ananifukuza kwa adabu.

Nje nikamkuta Ambokile, mwenzangu wa Makongolosi, mzaliwa wa Igawa. Naye alikuwa anafuatilia fao lake.

"Baba Neema, wewe mshamba kweli," akasema. "Mashine haina shida. Huyo dada anasubiri chake. Mimi nina mtu wa ndani. Lete kitu kidogo tu, faili litembee."

Sikumwamini Ambokile. Lakini nilimwamini kuliko yule dada, maana alisema lile ambalo moyo wangu ulikuwa umeshalisema.

Nyumbani hatukuwa na kitu cha kuuza isipokuwa cherehani cha mke wangu, alichoachiwa na mama yake. Nilipokitaja, Tusajigwe hakupandisha sauti. "Ukikiuza, mimi na Neema tunakwenda kwetu Tukuyu. Sitasema mara ya pili."

Nikamshuku na yeye. Tena jirani yetu Bi Zuhura, Mwislamu mwenye duka la vitambaa sokoni, alikuwa ameanza kupita akiuliza, "Cherehani bado kizima?" Nikajua wameshapanga. Anakitaka kwa bei ya kutupa.

Basi nikasubiri mke wangu aende bombani, nikakitwika begani. Nafungua mlango, Bi Zuhura huyu hapa, furushi kichwani.

"Shemeji, cherehani kinakwenda wapi na mimi nimeleta kazi? Fundi wangu kaolewa Iringa, sare za watoto wa shule nani atanishonea?"

Ndugu zangu, chuma kile kilikuwa kizito begani, lakini aibu ilikizidi. Tusajigwe akatokea na ndoo, akanitazama, akaitua. Nikakirudisha mahali pake, nikawaeleza yote: mashine, dada, Ambokile.

Bi Zuhura akashika mikono yangu, akaigeuza. "Hii mikono au msasa? Huyo binti kakwambia kweli. Sasa mkeo atashona, wewe utakaa. Mzazi hashiki jiko wala maji mpaka arobaini yake. Na wewe tutakulea hivyohivyo."

"Mimi sijajifungua, Bi Zuhura."

"Umejifungua hasira, shemeji. Kaa."

Jioni ile nilipiga magoti. Sikuomba pesa. Nilisema, "Bwana, mimi siwezi kumwamini mtu. Nisaidie nikae tu."

Nikakaa. Niwaambie, kukoroga zege ni rahisi kuliko kukaa. Vijana wa mtaani wakipita wanaita, "Mzazi hajambo? Mtoto anaitwa nani?" Mke wangu anashona, mimi napaka mafuta. Bi Zuhura analeta bakuli la uji, na mimi nalitazama nikiutafuta mtego ndani yake. Kila nilipongoja kudaiwa, lilikuja bakuli jingine. Hata siku moja nikajikuta nasikiliza hatua zake uani kwa furaha, kama mtoto, wala sipigi hesabu yoyote. Naamini nilifunguliwa siku hiyo, kabla hata sijarudi ofisini.

Nilirudi. Dada yule, sweta lile. Nikaweka kidole, mashine ikawaka kijani. Akainua uso. "Kumbe ulinisikia, baba. Wengi hukasirika, hawarudi tena."

Ujumbe wa malipo ulipoingia kwenye simu, nikasema hawa ni matapeli. Tusajigwe alicheka mpaka akakaa chini. Si mshahara, ni kidogo, lakini kinatuvusha huku natafuta kazi. Na cherehani kinalia kila siku.

Nimalizie hapa. Kule nyuma, karibu na mlango, amekaa ndugu yangu Ambokile. Alimpa mtu wa ndani alichokuwa nacho, mtu akapotea, na mashine bado inamkataa. Leo amekuja, ameficha mikono ndani ya sweta. Ndugu yangu, najua unajiuliza tunataka nini kwako. Hata mimi nilijiuliza. Ibada ikiisha, twende nyumbani. Uji upo, mafuta yapo, na kiti cha mzazi kiko wazi. Itoe tu mikono. Mungu aliyenipokea na yangu ilivyokuwa, ataipokea na yako.