Tunamwombea Wankyo Usukani

Mgeni rasmi, mkaguzi wetu wa boti ndogo. Viongozi wa mtaa. Na ndugu zetu mliofika kutoka Nyegina na Buhare,

Karibu Makoko. Tungependa kukuzungusha ziwani kidogo, lakini boti uliizuia wewe mwenyewe, na ulitenda haki.

KUHUSU SISI

Sisi ni wachuuzi wa dagaa, wanawake kumi na wanne na mwanamume mmoja, Yakobo, aliyekuwa nahodha. Wankyo alikuwa mwosha boti. Akigusa usukani tu, Yakobo alimfukuza: "Toka hapo, dada. Mwanamke akishika usukani, samaki wanahamaga." Tulikuwa tunacheka, na tulikosea.

YALIYOTUPATA

Mgeni rasmi, mficha uchi hazai. Majaketi ya kujiokolea uliyotuagiza tuliyanunua yote, tukayaacha kwenye nailoni zake na kuyafunga chini ya kiti, yasichafuke kabla hujaja kukagua. Ile kamba nyekundu ambayo nahodha hujifunga mkononi, ili akianguka injini izime, tuliifunga kwenye injini yenyewe isipotee. Waya wa usukani ulishaingia kutu. Tuliuona mgumu, tukasema ni uzee tu.

Mwezi Machi, saa nne asubuhi, waya ukakatika katikati ya mawimbi. Boti ilipinda ghafla, Yakobo akarushwa majini, na injini ikaendelea kunguruma. Tukaanza kuzunguka, na kila mzunguko ulitupeleka kulekule alikokuwa. Mwenzetu Bhoke akauliza, "Kwani huwa inazungukaga hivi?"

Wankyo alitambaa juu ya magunia hadi nyuma, akaing'oa kamba. Injini ikazima. Pangaboi ya injini ilisimama hatua mbili kutoka kichwani pa Yakobo. Wankyo akararua nailoni kwa meno, akamtupia jaketi, tukamvuta ndani. Kisha akatuamuru tuifunge injini isipinde, akaiwasha taratibu, akaiongoza boti kwa kasia hadi Makoko. Sisi tulimtazama kana kwamba ndiyo kwanza tunamwona. Baadaye alituambia kwamba alichowaza ni watoto wa Yakobo tu. Mungu ni mkubwa.

TULIPOFIKIA

Tumefunga waya mpya. Kila Jumamosi Wankyo anaupaka grisi, kisha anazungusha usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, na Bhoke anakaa nyuma kuhakikisha injini inafuata. Kizimamoto na filimbi vipo mahali mkono unapofika. Asiyevaa jaketi hapandi, hata akiwa mwenyekiti. Mwenyekiti alishaachwa ufukweni mara moja, kabla hujaizuia boti.

OMBI

Tuliandika maombi sita. Jana usiku tuliyafuta matano.

Wankyo hana leseni, na bila yeye hatutaki kuingia majini. Tunaomba umpime leo, hapahapa. Muulize lolote kuhusu boti hii. Kama hafai, tuambie, boti ibaki mchangani na sisi turudi kulima. Fomu ya leseni inadai sahihi ya nahodha anayeufahamu uwezo wake. Imeshasainiwa, na aliyesaini anaufahamu kuliko sisi wote.

Mwenyezi Mungu akulinde nchi kavu na majini, akurudishe kwako salama kama alivyoturudisha sisi.

Ni sisi,
Umoja wa Wachuuzi wa Dagaa Tushikane,
Makoko, Musoma.

Imesomwa kwa niaba yao na Yakobo Maige, abiria.