Koti Nililolivaa Makambako

Ndugu zangu, nilisikia gita kabla sijaona mtu. Ilikuwa asubuhi ya Jumatatu, Makambako, na ukungu ulikuwa umelala chini hadi kwenye magurudumu ya lori lililonileta. Fundi wangu alikuwa amenituma kuchukua vifungo na nyuzi. Nikashuka, na kabla sijanyoosha miguu nikasikia gita likilia upande wa kushoto, na gita la pili likilijibu, kama dada wawili wanaoambiana jambo mbele ya mgeni asiyejua lugha yao.

Mimi nimezaliwa Matembwe. Muziki nilioujua ni ngoma za kwetu, na nyimbo za kanisani za sauti nne, kila mtu amesimama wima na kitabu chake. Sikujua kwamba kuna muziki unaoweza kukushika kiunoni ukiwa umesimama barabarani na kikapu tupu. Nikaifuata ile sauti, mkono mbele kama kipofu, hadi nyuma ya mgahawa mmoja wa chai.

Mezani palikuwa na gramafoni. Dereva aliyekuwa akisafiri kati ya Njombe na Makambako alikuwa akiizungusha mpini, na kando yake walikaa vijana watano au sita. Ndugu zangu, nawaambia, Jumatatu asubuhi wale watu walikuwa wamevaa kama wanakwenda arusini. Suruali pana zilizopigwa pasi zikasimama zenyewe. Tai. Viatu vya rangi mbili.

"Wewe unauza nini?" mmoja akaniuliza.

"Siuzi kitu. Mimi ni fundi cherehani, natoka Njombe."

Akainuka, akanizunguka taratibu, akashika kiraka cha kaptula yangu ya kaki. "Fundi! Na hii alikushonea nani? Adui yako?"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Dereva akasema, "Mwacheni jamani. Fundi, Jumamosi mchana tunacheza hapa. Njoo. Ila ukija na hiyo kaptula, tutakupa kazi ya kuchemsha maji."

Nilirudi na vifungo, lakini nyuzi nilizisahau.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa ninyi vijana mlioketi dirishani, kwa sababu najua Jumamosi iliyopita mlikuwa wapi. Fundi wangu alikuwa mzee, na baridi ya Njombe ilikuwa imeanza kumuuma magoti. Ijumaa adhuhuri alikuwa akienda kwake kupumzika hadi Jumatatu, na ufunguo wa duka akaniachia mimi. Siku ya kwanza kunipa aliushikilia kidogo kabla hajauachia. "Mwanangu," alisema, "usidhani nakupa ufunguo wa mlango. Mlango huu hata mbuzi ataufungua. Nakupa nguo za watu."

Nikaitika, "Ndiyo, baba." Na Jumamosi ileile nikavaa suruali ya karani wa boma.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Nguo imekwisha kushonwa Ijumaa. Mwenyewe atakuja Jumatatu. Je, Jumamosi na Jumapili nguo hiyo ni ya nani? Nilijijibu kwamba haina mtu. Dereva akawa ananipakia bure, nami namshonea suruali zake zikipasuka. Nikifika Makambako nacheza hadi jua linapoinama, narudi na lori, naitundika nguo, naifuta kwa kitambaa kibichi, naipiga pasi. Jumatatu mwenyewe anaivaa mbele ya kioo na kusema, "Fundi, imenikaa kama nilizaliwa nayo." Nami nimeshazaliwa nayo kabla yake! Mzee kule nyuma anacheka. Cheka tu, mzee wangu. Na kizibao chako cha Krismasi nilikivaa.

Kila Jumamosi vazi jipya. Makambako hawakulijua jina langu, waliniita Kila Wiki. "Kila Wiki kaja! Leo kavaa nini?" Nami sikuishia kwenye dansi. Hata siku za kazi, mzee akitoka kidogo, nilitia tai ya mtu shingoni na kukaa nayo kwenye cherehani, nikipiga mluzi santuri niliyoisikia juzi. Nilikuwa na masikio mapya na mwili mpya, na nakiri mbele yenu kwamba sikuwahi kuwa na furaha kama ile. Lakini kila mlango ulipolia nilishtuka, mkono ukaruka kwenye tai. Furaha yangu ilikuwa na moyo unaodunda kama wa sungura.

Ndipo Alhamisi moja ya mwezi wa baridi akaja mama mmoja kutoka Yakobi, pamoja na binti yake. Mume wake alikuwa amefariki wakati wa mvua. Akafungua kitambaa cheupe mezani, akatoa koti la sufu, rangi ya bluu iliyoiva. Marehemu alilinunua alipokwenda manamba, kwenye mashamba ya mkonge kule Tanga.

"Binti yangu anapata kipaimara Jumapili ya wiki ijayo," alisema. "Nataka ulikate limfae. Hana kingine kutoka kwa baba yake."

Nilimpima yule msichana. Alikuwa mkimya, ila nilipofika shingoni akasema, "Kola usiikate, kaka. Baba alikuwa anaipandisha hivi." Akaonyesha kwa vidole viwili.

"Sitaikata," nikasema.

Mama akaniangalia. "Asiliguse mtu mwingine."

"Mama, hataligusa mtu."

Na wiki hiyohiyo dereva alikuwa amepata santuri mpya, iliyotoka upande wa Kongo. Makambako yote ilikuwa ikiizungumzia. Ijumaa jioni nikabaki dukani na lile koti. Nilipanga kulikata Jumatatu. Ile hesabu yangu ya zamani ikarudi, na safari hii ilikuwa nyepesi kuliko zote: mwenye koti hatakuja Jumatatu. Mwenye koti hatakuja kabisa.

Nikalivaa.

Siwezi kuwadanganya, santuri ile ilikuwa nzuri. Ilianza na gita moja peke yake, likisitasita, kisha ngoma zikaingia chini yake polepole kama mvua inayoanza kwenye mabati. Nilipandisha kola. Watu wakapiga makofi, "Kila Wiki! Kila Wiki!" Nikafumba macho, nikainua mikono yote miwili juu, na nyuma yangu nikasikia kitu kikisema *trrr*.

Mimi ninayepima mabega ya kila mtu sikuwa nimepima yangu. Marehemu alikuwa mwembamba. Nguo ilikuwa imepasuka mgongoni, urefu wa shubiri, wala si kwenye mshono.

Nikateremsha mikono taratibu, nikaendelea kucheza nikiwa nimeegemea ukuta, jasho la moto na la baridi likinitoka pamoja. Hapo mkono ukanigusa begani.

Alikuwa mtu mzima, amevaa sweta lililotoboka viwiko, na mzigo wake bado uko mgongoni. Alikuwa ameshuka asubuhi ile kwenye lori la kutoka Tanga, akisubiri usafiri wa kupitia Njombe kwenda kwao Mawengi.

"Kijana, geuka."

"Kwa nini nigeuke?"

"Hilo koti umelitoa wapi?"

"Ni langu," nikasema.

Akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Toa nje mfuko wa kushoto. Ndani una kiraka cha gunia la mkonge. Nilikishona mimi, kwa sindano ya magunia, mshono mbovu kuliko yote duniani. Mfuko ulitoboka tukiwa kambini."

Sikuutoa. Aliutoa yeye, na kiraka kikatoka nje, kila mtu akakiona. Vijana wakaacha kucheza.

"Rafiki yangu hawezi kuliuza koti hili," alisema. "Amekuazima? Hajambo? Yuko wapi?"

Ndugu zangu, hakuwa anajua.

Mtu yule alikuwa amekula ugali sahani moja na marehemu miaka mingi, na ilikuwa kazi yangu mimi, nikiwa ndani ya koti lake, jasho langu kwapani mwake, kola yake nimeipandisha, kumwambia rafiki yake kwamba amekufa.  

"Alifariki," nikasema. "Wakati wa mvua."

Santuri ilikuwa imekwisha na hakuna aliyenyanyua sindano. Ilikuwa ikizunguka tu, krrr, krrr. Mtu yule akakaa juu ya mzigo wake. Akauliza, "Na koti limefikaje kwako?" Nikamweleza yote: mjane, binti, kipaimara, ufunguo. Vijana walionipigia makofi walikuwa wakitazama viatu vyao.

"Vua," alisema.

Nikavua. Alilikunja vizuri, akalishika mapajani njia nzima hadi Njombe, nami nimekaa mbele yake kwenye lori na shati langu jepesi, upepo ukinichapa.  Tuliposhuka ndipo aliposema, "Kesho baada ya ibada tunakwenda Yakobi. Utaongea wewe. Mimi nitasikiliza."

Niliongea. Mama alisikiliza akiwa amesimama, mkono mdomoni. Niliposema "limepasuka" hakushtuka sana, maana mpasuko ni kitu cha sindano. Lakini binti alilichukua koti, akaliweka usoni, akalivuta kwa pua, akavuta tena. Kisha akamrudishia mama yake.

"Halinuki tena baba," alisema.

Lilikuwa likinuka mafuta yangu ya nywele.

Nimeshona miaka kadhaa sasa, na najua kuziba karibu kila kitu. Hilo sikuweza kuliziba. Bado sijaweza.

Jumatatu fundi wangu aliposikia hakupiga kelele. Alinyoosha kiganja, nikaweka ufunguo. Kisha akaniambia, "Ile cherehani ya mkono ichukue. Mama wa watu ana kipaimara." Wazee wa kanisa wakanizuia meza ya Bwana, na wengine wao wako hapa mbele wananitazama. Walifanya sawa.

Nikabeba cherehani kichwani hadi Yakobi, kwa sababu mama alikuwa amesema, "Utakata hapa, mbele ya macho yangu." Siku sita nilishona ndani ya nyumba yake. Mpasuko niliugeuza kuwa mshono wa katikati ya mgongo, na kola sikuigusa. Mama hakuniacha peke yangu hata dakika moja. Akitaka kwenda kuchota maji tu, alisema, "Simama nje, fundi," nami natoka na mkasi wangu mkononi, anafunga mlango, anatia kufuli, nasimama kwenye umande kama ng'ombe hadi arudi. Majirani wakipita wananisalimu, "Kamwene, fundi," huku wakicheka pembeni. Nilistahili.

Yule rafiki wa marehemu aliahirisha safari ya Mawengi. Kila siku alikuja kukaa kizingitini na kumsimulia binti habari za baba yake. Siku moja akasema, "Jumapili kambini alilivaa koti hili, akakaa mstari wa mbele kabisa kwenye gramafoni. Akipandisha kola, tunajua sasa atacheza."

Mama akaacha kupeta ulezi. "Mimi aliniambia alikuwa akilivaa kanisani."

"Na kanisani pia, shemeji."

 Kisha mama akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akacheka huku akifuta macho kwa ncha ya kanga. "Kacheza! Yule mtu! Hapa nyumbani hata kichwa hakutikisa!" Na binti akasema, "Alikuwa akicheza vipi, baba mdogo? Nionyeshe." Mtu mzima yule akainuka, akaimba kwa pua sauti ya gita, akacheza hatua tatu mlangoni pale. Mimi nikainamisha kichwa kwenye cherehani, nikazungusha mpini, wasinione uso.

Mwaka wa tatu sasa tangu siku ile. Namshukuru fundi wangu, aliyenipokonya ufunguo na baadaye, kwa muda wake mwenyewe, akanirudishia. Namshukuru mtu wa Mawengi, aliyenishika bega badala ya kunishika koo. Nawashukuru ninyi mlionirudisha mezani. Na vijana, msije mkasema nimewaambia santuri ni dhambi. Sikilizeni. Vaeni mpendeze, siku ya sikukuu na siku ya kulima. Suruali hii niliyoivaa nimeishona mwenyewe, kitambaa nimelipia, na Jumamosi nikiivaa Makambako sishtuki mlango ukilia. Ila mtu akikuwekea kitu chake mikononi, hata kama yuko mbali, hata kama yuko kaburini, jua bado anakiangalia.

Nimebakiza jambo moja, kisha nikae.

Jumapili ya kipaimara kifungo cha mwisho nilikishona asubuhi, koti likiwa tayari mwilini mwa msichana. Alipandisha kola kwa vidole viwili, akatoka mbio kuwafuata wenzake, hakuniambia asante, wala sikuitaka. Mama alikuwa amejifunga kanga mpya. Sanduku lake lilikuwa wazi kitandani, ndani yake nguo zake zote, na shati la marehemu juu. Nikaanza kukusanya vitu vyangu upesi ili nisimame nje kama kawaida.

"Mbona una haraka?" aliuliza. "Fagia kwanza vipande vyako. Uji uko jikoni."

Akalitazama sanduku. Akanitazama mimi. Akaliacha wazi vilevile, akachukua kitabu chake cha nyimbo, akatoka. Na mlango ukafungwa nyuma yake, bila kufuli.