Albamu ya Tano Isiyo na Mwavuli

Wasikilizaji wapendwa, kaeni kidogo. Mwenye kiti akalie kiti. Asiye nacho, ukuta upo, aegemee. Habari ya leo si ya kusikilizwa mtu amesimama, na hata anayewaletea amechoka.

Bi Mwavuli ametutoka. Mnajua hivyo tangu juzi, maana tangu juzi kila redio inapiga wimbo mmoja. Saluni unapigwa. Gereji unapigwa. Leo asubuhi nimeusikia ndani ya lifti, na lifti yenyewe ilikuwa imekwama.

Sisi tutamkumbuka kwa albamu zake. Alirekodi albamu tano. Narudia, kwa sababu najua mtabisha: tano, si nne. Na shahidi ninaye. Ni mdogo wake wa kiume, fundi mitambo, aliyemrekodi dada yake katika zote tano. Mzee huyu ana masikio ambayo, wanasema, yakisikia nzi anaruka yanaweza kukwambia bawa lipi linauma. Mimi sijathibitisha. Nawapa kama nilivyopewa.

Albamu ya kwanza dada mtu aliirekodi akiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Ndani yake mlikuwa na wimbo "Nirudishie Mwavuli". Mnaujua. Mwanamume kaondoka siku ya mvua na mwavuli wa mpenziwe, na mpenziwe hajui alie kwa ajili ya mtu au kwa ajili ya mwavuli. Aliuimba mbio mbio kama anayefukuzwa. Kinyozi mmoja, wimbo ulipomkolea, alimnyoa mteja nyusi moja, na mteja alikuwa amechangamka hata akaomba ainyoe na ya pili.

Basi jina lake halisi likafia hapo. Akawa Bi Mwavuli. Watu walikuja kwenye maonyesho na miavuli, wakamtupia jukwaani, akarudi nayo nyumbani. Mvua ikinyesha, mtaa mzima ulikuja kwake kuazima. Hakuna aliyerudisha, na hakuna aliyeona kichekesho chake ila yeye.

Ikaja albamu ya pili. Mwenye studio, mtu mnene mwenye sauti nyembamba kama ya filimbi, akasema wimbo ule lazima urekodiwe upya. Ukarekodiwa. Albamu ya tatu, ukarekodiwa tena. Kila mara dada aliuimba taratibu zaidi. Kufikia albamu ya nne ungeweza kuinjika maji ya chai ubeti ukianza, ukanywa chai, ukaosha kikombe, na kiitikio bado hakijafika.

Na katika ile ya nne, wasikilizaji wapendwa, alipiga mwayo. Mwayo wa kweli, katikati ya ubeti wa pili. Fundi alisimamisha kanda.

"Dada, turudie?"

"Turudie nini? Hapo ndipo nilipoimba ukweli."

Mwayo ukabaki. Watu wakaupenda! Ukawa mtindo. Kwenye maonyesho, ubeti wa pili ukifika, ukumbi mzima ulipiga mwayo kwa pamoja, mpaka mpiga ngoma siku moja alisinzia kweli, na akaendelea kupiga vizuri kuliko akiwa macho. Dada akiwa amesimama pale mbele, akiwatazama watu wanavyopanua midomo, alimwambia mdogo wake: "Unaona? Hata nikiwaonyesha nimechoka, wanacheza."

Hapo ndipo alipotaka jambo moja tu. Alitaka albamu moja isiyo na wimbo ule. Moja tu, isikilizwe, kisha apumzike.

Mwenye studio akashika kichwa. "Mama, usiache mbachao kwa msala upitao."

"Mbachao wenyewe umetoboka magotini, baba. Nimeusujudia miaka yote hiyo."

"Watu wanautaka!"

"Nami nina nyimbo nyingine nane. Wimbo huu ni mtoto niliyemzaa kwanza, haondoki nyumbani, na anakula sehemu za wenzake."

Mwenye studio akakataa. Basi albamu ya tano ikarekodiwa sebuleni kwa fundi. Madirisha yakazibwa kwa magodoro. Saa ya ukutani ikafungiwa kabatini. Jirani alikuwa mchomeleaji wa mageti, kwa hiyo waliimba akienda kula, wakanyamaza akirudi. Friji ikazimwa kwa sababu inanguruma, maziwa yakaharibika, na mke wa fundi akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Wifi, hizi nyimbo zako haziwezi kuimbwa friji ikiwaka?"

"Zinaweza, wifi. Lakini na yenyewe itadai jina lake liandikwe kwenye jalada."

"Basi iandikwe! Maana maziwa imeshayatoa sadaka."

Walicheka, wakaendelea. Nyimbo nane. Umo wa mwanamke anayepiga pasi shati la mtu asiyesema asante. Umo wa foleni ya hospitali. Umo wa usingizi tu, usingizi wa mchana, hauna jambo jingine. Fundi anasema dada yake hakuwahi kuimba vile. Sauti ilikuwa imeshuka, imekuwa nzito, lakini ilikuwa inakaa mahali pake, kama mtu aliyevua viatu baada ya kazi.

Kanda zikatolewa, zikapelekwa madukani na redioni. Sasa sikilizeni kilichotokea, na redio hii imo, hatujitoi.

Sisi watangazaji tulizoea. Tulitangaza: "Bi Mwavuli ametoa albamu mpya!" Kisha mkono, kwa mazoea, ukaenda kwenye kanda ya zamani, tukapiga "Nirudishie Mwavuli". Albamu mpya tukaitangaza kwa wimbo ambao haumo ndani yake. Watu wakaenda dukani, wakanunua, wakasikiliza upande wa kwanza, wakageuza, wakasikiliza wa pili. Wimbo hawakuuona. Wakazirudisha kanda dukani.

Muuza kanda akaja kwa fundi na maboksi. "Fundi, mzigo wako wote una kasoro."

"Kasoro gani?"

"Mwavuli haumo."

"Haumo kwa makusudi."

"Sawa, ila mteja akija nimwambie makusudi yapo rafu ya ngapi?"

Wiki ileile mwenye studio akatuma ujumbe. Mwishoni mwa upande wa pili kuna nafasi tupu, akasema. Wimbo ule unaenea. Fundi aubandike pale, kanda zote zitaondoka, na dada atasikika na hizo nyingine zake.

Fundi akaenda kwa dada yake. Alimkuta ameketi kitandani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Akamweleza yote. Dada hakukasirika. Fundi anasema laiti angekasirika.

"Ubandike basi," akasema. "Nimechoka kubishana na watu wanaonipenda."

Fundi akarudi nyumbani. Akakaa mbele ya mashine yake. Akaiweka kanda, akaitoa. Akaiweka tena. Hakubandika. Kesho yake akaenda kumwambia.

"Sijabandika, dada."

"Mkaidi kama baba," dada akasema, kisha akavuta shuka, akageukia ukutani. Fundi anasema aliuona mgongo wake ukitikisika. Hajui kama alikuwa anacheka. Mimi nimemwomba aseme alikuwa anacheka. Amekataa.

Maboksi yakakaa chini ya vitanda miaka na miaka. Albamu ya tano haikupigwa redioni hata mara moja.

Juzi, kama binti wa marehemu alivyomwambia fundi, mama alikula, akanawa, akaenda kujilaza. "Akaniambia, akipiga simu mtu anayetaka wimbo ule, mwambie nimelala. Sikujua, mjomba, kama nitakuwa nawaambia hivyo mpaka leo."

Na jana msibani kijana mmoja alileta spika kubwa, akaufungulia wimbo ule kwa sauti ya kupasua bati. Fundi akamwendea, akamwomba apunguze.

"Mzee, wewe marehemu unamjua kweli?"

"Kidogo," fundi akajibu, akarudi kukaa.

Leo mchana amekuja hapa kituoni na kanda moja mfukoni. Hakulalamika. Alisema tu: "Wimbo wa usingizi. Mara moja. Kabla hatujamzika." Mkuu wangu wa vipindi amesema wasikilizaji watahama. Nimemjibu wakihama watakwenda kuukuta Mwavuli huko, hawatapotea.

Kwa fundi, kwa wifi mtu, kwa binti wa marehemu na ukoo wote: poleni sana. Mungu amlaze pema. Amlaze kweli, maana alikuwa na deni kubwa la usingizi. Nanyi wapendwa, huenda nyumbani mwenu yupo mtu mnayempenda kwa jambo moja tu, mnalomwomba kila siku alirudie. Muulizeni la pili. Mkimuuliza, msimkatize.

Simu zinaita. Taa zote za mezani zinawaka, na ninajua mnaomba nini. Ziache ziite.

Fundi amekaa kando yangu. Kanda ameiweka mwenyewe, hakutaka iguswe na mtu. Kidole kipo juu ya kitufe, hakishuki.

"Wanasikiliza?" ananiuliza.

Sijui, fundi. Bonyeza tu.