Fundi Bado Nusu na Kipande cha Kuanzia

Waya wa piano ukikatika hautoi mlio wa muziki. Ni mlio mkavu, mfupi, kama mjeledi uliopigwa ndani ya sanduku, halafu nyaya zilizobaki zinanung'unika kwa muda kabla ya kunyamaza. Niliusikia mara moja tu, nikiwa na miaka kumi na minane, katika chumba cha usaili cha chuo hiki, mbele ya jopo la watu watano. Sijaacha kuusikia. Mtu aliyeingia kuuondoa waya ule, huku mimi nimekaa na mikono mapajani, ndiye tunayemuaga leo.

Fundi wetu wa piano anastaafu leo Ijumaa, tarehe thelathini na moja, baada ya kukitumikia chuo kwa miaka thelathini na mitatu na miezi mitano. Alipoanza, chuo kilikuwa na piano tisa, na nne kati ya hizo zilitumika kuwekea mafaili. Leo ziko ishirini na sita na zote zinapigika, isipokuwa ile ya chumba cha kumi na mbili, ambayo mwenyewe anasema inamchukia.

Hakuajiriwa kuwa fundi wa piano. Aliajiriwa kuwa msaidizi wa seremala. Siku moja alitumwa kutengeneza mguu wa piano uliolegea, akauliza nani anashughulika na mambo ya ndani. Akaambiwa hakuna. Tangu hapo, kila mwaka, alikuja mzee mmoja aliyewahi kuifanya kazi hiyo mji mwingine, akakaa naye miezi miwili akimfundisha kusikiliza. Miaka minne ikapita hivyo. Mwaka wa tano mzee hakuja, na msaidizi wa seremala akaendelea peke yake.

Jina la Bado Nusu alipewa na mkuu wa chuo wa zamani. Ilikuwa siku ya onyesho kubwa, wageni wamekwisha kuketi, naye bado kajiinamia ndani ya piano na spana yake. Mkuu alinong'ona kutoka pembeni ya jukwaa, "Fundi, tayari?" Akajibiwa, "Bado nusu." Baada ya dakika kumi, jibu likawa lilelile. Wageni walianza kupiga makofi wakidhani ndiye mpigaji. Aliinuka, akainama kwa heshima kama mpigaji kweli, akarudi ndani kumalizia hiyo nusu.

Ndani ya piano zetu ametoa penseli zisizohesabika, vijiko, chanuo moja, na barua ya mapenzi iliyoandikiwa mwalimu wa kwaya. Barua aliifunga katika bahasha na kuipeleka kwa mwenyewe. Mpaka leo walimu wawili wa kwaya wanashukiana, na yeye amekataa kusema.

Paa la ukumbi lilipovuja, maji yaliingia katika piano kubwa usiku kucha. Wataalamu walioitwa walishauri itupwe. Fundi aliomba apewe muda. Alizing'oa nyundo zote themanini na nane, akazikausha moja moja, akazivika kitambaa kipya, akazirudisha. Kazi ile ilimchukua miezi saba. Ndiyo piano tutakayoisikia leo mchana.

Ana daftari lenye jalada jeusi. Kila waya unaokatika chuoni ameuandika humo: tarehe, chumba, sauti ya waya, kipande kilichokuwa kikipigwa, na sababu. Nyaya mia mbili na kumi na mbili. Walimu tumekuwa tukimtania kwamba daftari hilo ndilo historia ya kweli ya chuo. Hakuwahi kulisoma mbele ya mtu.

Tena alikuwa na mwiko mmoja ambao sisi walimu tulijaribu sana kuuvunja. Karakana yake imepakana na chumba cha usaili. Kwa miaka thelathini na mitatu amesikia kupitia ukutani kila mtahiniwa, na amesikia kengele ya jopo ikimkata kila aliyekatwa. Hakuna mtu anayejua zaidi yake ni vipande gani vinawaingiza watu na vipi vinawatoa. Lakini ukimuuliza, "Fundi, hebu tuambie, jopo linapenda nini?" atakujibu, "Jopo linapenda chai, Mwalimu," na kuendelea na kazi yake. Kazi yake, alisema, ni piano. Kinachopigwa juu yake si chake.

Wiki hii ameuvunja mwiko huo, mara moja, na ameniruhusu nieleze.

Wote tunajua usaili wetu ulivyo, ila familia yake iliyo nasi leo huenda haijui. Mtahiniwa wa piano huleta orodha ya vipande vinne. Kimoja anakichagua mwenyewe cha kuanzia. Vingine jopo ndilo linachagua lisikie kipi, na kengele inaweza kulia wakati wowote. Kwa hiyo kipande cha kwanza ndicho mlango. Mikono ikitetemeka pale, hata ufanye nini baadaye, jopo limekwisha kukuona ukitetemeka. Na kanuni inaruhusu kujaribu mara mbili tu maishani.

Nina mwanafunzi wa miaka kumi na tisa, binti wa mshonaji. Mwaka jana alijaribu akasahau katikati ya fuga, kipande ambacho sauti zake hufukuzana, akakaa kimya sekunde nyingi mpaka kengele ikamhurumia. Jumatatu ijayo ni mara yake ya pili. Hakuna ya tatu.

Mimi ndiye niliyemchagulia cha kuanzia. Ni kipande kikubwa, kurasa kumi na nne, chenye oktava za mkono wa kushoto, kiganja kikitanuliwa mpaka mwisho, zinazoanza ukurasa wa tisa na hazipumziki. Ukikiweza, jopo linakaa wima. Ndicho nilichokuwa nikipiga mimi siku waya ulipokatika. Niliambiwa niendelee, sikuweza. Mwaka uliofuata nilirudi na orodha nyingine, nikapita, na sikukigusa tena kipande kile kwa mikono yangu. Nilimpa yeye.

Jumatatu ya wiki hii tulikuwa chumba cha nane. Fundi alikuwa chini ya piano ya pili, analegeza pedali iliyokuwa ikilia. Binti alifika ukurasa wa tisa akajikwaa. Nikasema tena. Akajikwaa palepale. Nikasema tena. Mara ya tatu alifika mwisho wa ukurasa, lakini nilimwona bega limempanda mpaka sikioni. Nikamwambia akanywe maji. Mama yake alikuwa kwenye benchi la korido na sketi ya mteja mapajani, anapinda pindo, kama anavyokaa kila siku ya mazoezi.

Fundi alitoka chini ya piano, akajifuta mikono.

"Mwalimu, nikuulize kitu. Usiponijibu si neno."

"Uliza, Fundi."

"Hicho kipande nani kakichagua?"

"Mimi."

"Na mtoto anakipenda?"

"Jopo litakipenda."

"Sijauliza jopo."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia ashughulike na nyaya zake. Ninaandika hivi hadharani kwa sababu alisikia yeye peke yake, na anastahili kuombwa msamaha mbele ya watu. Alisema, "Haya, mama," akakusanya spana zake akaondoka. Pedali aliiacha imetengemaa.

Jumanne asubuhi alinisubiri mlangoni pa ofisi ya walimu, daftari jeusi mkononi, kidole kimewekwa katikati ya kurasa. Hakunisalimia kwa mizaha yake ya kila siku. Alilifungua akanielekezea mstari.

Ilikuwa tarehe ya usaili wangu, miaka minane iliyopita. Chumba cha usaili. Sauti ya chini upande wa kushoto. Jina la kipande. Na kwenye sababu, kwa mwandiko wake mdogo uliolala: Waya ulikuwa na kutu. Nilipaswa kuubadilisha mwezi wa tatu. Nikauahirisha. Kosa langu.

"Siyo mkono wako uliokata," alisema. "Nilidhani unajua."

"Ningejuaje, Fundi?"

"Nilikuja kuutoa mbele yako. Kutu ilinichafua vidole mpaka kesho yake. Nikadhani umeona."

Sikuona kitu siku ile. Nilikuwa ninatazama mikono yangu.

Nilimuuliza mbona amekaa kimya miaka minane, na mitatu kati ya hiyo tunakunywa chai meza moja. Aliliangalia daftari. "Ulirudi mwaka wa pili ukapita. Nikasema, yamekwisha, nikimwambia nitamtonesha tu. Jana nimekusikia unamwambia mtoto tena, tena, tena. Nikaona kumbe hujamalizana nacho. Sasa unataka akumalizie yeye."

Kisha akasema jambo ambalo nadhani lilimgharimu kuliko lile la kutu. Alisema kwamba mimi ningeweza kuingia mara ya kwanza. Nilikuwa ninapiga vizuri. Yeye alikuwa ukutani, alisikia. Uzembe wa wiki chache ulinigharimu mwaka mzima, na kila usaili tangu siku ile amebadilisha nyaya zote za chini katika piano ya usaili, ziwe zimechoka au hazijachoka. Wahasibu wamemlalamikia miaka minane kwa waya anaoagiza. Hakuwahi kuwaeleza sababu. Sasa wameisoma.

Mchana wa Jumanne nilimwita binti, nikamuuliza angeanza na nini kama mimi nisingekuwepo. Alimwangalia mama yake kwanza, kisha akaniangalia mimi kama mtu anayetegwa. Halafu akakaa, akapiga kipande cha polepole, kurasa tatu, nilichompa akiwa na miaka kumi na sita ili kumnyoosha kifundo cha mkono. Nilikuwa nimekisahau. Yeye hakukisahau. Mabega yalikaa mahali pake.

Shida ni moja, nayo si ndogo. Kanuni inataka kipande cha kuanzia kisipungue dakika tano. Fundi alisimama mlangoni na saa yake ya mkononi. Mara ya kwanza: dakika nne na sekunde arobaini na moja.

"Amekimbia," alisema. "Anaogopa. Mpe dakika apumue."

Mara ya pili: dakika tano na sekunde kumi na mbili.

Mama mtu alisimama, sindano bado iko mdomoni, akaitoa. "Mwalimu, mimi muziki sijui. Ila nguo ya harusi siibadilishi mshono zimebaki siku sita. Mtoto wangu si kitambaa cha kujaribia."

"Mama," binti alisema, bila kugeuka, "hiki hakijabadilishwa. Hiki ninacho siku zote. Kile kingine ndicho nilichovalishwa."

Mama alinigeukia. Nikamwambia mtoto amesema kweli. Akarudi kwenye benchi na sketi yake. Baadaye kidogo nilimsikia akimwambia Fundi, "Na wewe na saa yako, akikimbia tena siku yenyewe?" Fundi akamwambia, "Akikimbia, mama, ameshindwa. Sikufichi." Mama akasema, "Angalau wewe unasema."

Walimu wenzangu wawili wameniambia waziwazi kwamba mimi ni kichaa. Mmoja amesema jopo litasinzia. Mwingine amesema kipande cha kurasa tatu ni cha mtoto wa shule, na kwamba nitamzika binti wa watu ili nipate kulala vizuri. Huenda wamesema kweli.

Jana Alhamisi Fundi aliitengeneza piano ya usaili kwa mara ya mwisho. Nilikaa nyuma ya chumba, kwa idhini yake, nikamtazama akibadilisha nyaya za chini moja baada ya nyingine. Msaidizi wake, anayemrithi kuanzia Jumatatu, alimshikia taa. Saa tano baadaye alifunga kifuniko, akakifuta kwa kiganja, akatoka.

Fundi, chuo kinakushukuru kwa piano ishirini na sita, kwa piano ya ukumbi uliyoiokoa, kwa siri ya mwalimu wa kwaya ambayo tutaendelea kukusumbua uitoe. Wanafunzi wanakushukuru kwa vidole vyao, ambavyo havijui ni mara ngapi ulivitengenezea njia. Mkeo na wanao tunawarudishia mtu wao; watuwie radhi kwa jioni zote tulizomchelewesha. Mimi nakushukuru kwa mstari mmoja wa daftari, na kwa kuusema ungali kazini, wakati bado ungeweza kunyamaza ukaondoka na sifa zako zote. Upumzike vizuri, ulale bila kusikia piano ya mtu, na siku zako ziwe ndefu na zenye afya.

Orodha za vipande zilifungwa juzi Jumatano saa sita mchana. Saa tano na dakika hamsini nilisimama kwenye dirisha la ofisi ya usaili. Nilikata kwa kalamu kipande cha kurasa kumi na nne, nikaandika cha polepole nambari moja, nikaweka sahihi, mama yake akaweka sahihi chini ya yangu, karani akagonga muhuri. Hakibadiliki tena. Jumatatu saa tatu asubuhi ataanza na hicho.