Kamaludin, Jibini ya Ubani na Baiskeli Anayoikataa

Bwana Kamaludin Gharib amekibebea maziwa chama chetu cha wafugaji hapa Mokowe kwa miaka thelathini na mbili, na Alhamisi hii, tarehe 30 Julai, anastaafu. Karani alitangulia kuandika katika karatasi hii ya kumuaga kwamba ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye nidhamu. Maneno hayo hata punda wa chama anayastahili. Nikamwambia karani aweke kalamu chini, nitaandika mimi Huwaida ninayetia jibini chumvi, kwa kuwa huyu mtu nimemjua tangu ana nywele.

Kamaludin ni mzaliwa wa Siyu, kule Pate. Alioa Lamu, kisha akahamia bara, kijiji cha Hindi, mkewe Fahima aliporithi shamba la mikanju. Kazi aliianza na baiskeli nyeusi ya chuma, mikebe miwili ya maziwa imefungwa nyuma kwa mpira, na baiskeli ni ile ile mpaka leo. Ameibadilisha kila kipande isipokuwa jina.

Watu wa ndia ya kutoka Hindi hadi Mokowe wanamjua. Hutoka akishaswali alfajiri, akakanyaga pedali polepole, mato nusu yamefumba, midomo inacheza. Saa hizo ukungu umelalia mashamba, mikanju imetoa vichwa tu, na maziwa yangali na joto la kiwele, yanampasha mgongo. Jua likitokeza linamkuta hayupo. Mwili uko juu ya kiti, miguu inazunguka, mwenyewe keshakwenda. Ndiyo maana mara nyingi hulipita lango la chama, akateremka moja kwa moja hadi gatini, mpaka wachukuzi wamshike usukani. “Bwana Kamaludin, mbele ni maji!” Naye hujibu bila haya: “Naiyua. Nimekuya kuyatizama.”

Siku moja nilimgombeza, nikamwuliza huwa anakwenda wapi. Akasema asubuhi ile alikuwa Siyu, amelala juu ya dari ya mamake, anaisikiliza mvua inakuja kutoka upande wa Kiunga. Nikamwuliza, na maziwa ya watu yalikuwa wapi? Akasema yalikuwa naye huko huko darini. Sasa mtu kama huyo utamfanya nini? Nilimimina maziwa nikayaonja. Hayakuwa yameharibika, nikayapokea.

Chama kilipoanza kutengeneza jibini kwa ajili ya hoteli za Ras Kitau na Shela, wapanda baiskeli wetu walidhani tumechanganyikiwa. Maziwa yameganda, yananuka, halafu yanauzwa ghali kuliko yaliyo mazima! Kamaludin akasema hatabeba mpaka gatini kitu asichokijua. Hapo ndipo lilipozaliwa baraza la Alhamisi. Kila wiki, baada ya swala ya alasiri, waendesha baiskeli hukaa barazani mbele ya chumba cha baridi, nawakatia jibini ya wiki, nao wanatoa hukumu. Isipopita barazani haitoki langoni. Mwezi wa Ramadhani hawaonji. Wanainusa na kuibonyeza kwa kidole gumba kama tairi, kisha wanagombana kwa njaa mpaka magharibi.

Hawajawahi kukubaliana hata siku moja. Amini anataka ile ngumu yenye chumvi, ikaangwe, iliwe na mkate wa sinia. Keziah, aliyetoka Mpeketoni, anaitaka laini, ya kupakwa juu ya kiazi kitamu, na anasema jibini ya Amini ni ya kuezekea nyumba. Husni anapenda ile inayovutika, si kwa utamu, ila aivute mbele ya simu akijipiga picha. “Bi Huwaida, hii ni noma,” ananiambia, nami namwambia noma ni yeye. Kamaludin huwaacha wamalize. Halafu anaokota ganda lililokatwa pembeni, ambalo kila mtu amelitupa, analila taratibu kwa tende na kahawa chungu, macho yameelekea mbali.

Jibini ya ubani ni kazi yake, na msiruhusu mtu mwingine ajisifu. Yaani, kwa haki, ni kazi ya Fahima. Mfuko wa kubebea jibini ulikuwa unatundikwa nyumbani kwao, na Bi Fahima alichoka na harufu. Akaufanyia vile vile anavyoufanyia mtungi wake wa maji: akaweka kaa kwenye chetezo, akatia ubani, akaufunika mfuko juu mpaka moshi ukaingia kila uzi. Kesho yake Kamaludin akabeba ndani ya mfuko ule jibini ambayo baraza halijaionja, akiwa ndotoni kama kawaida, akapita lango, akafika gatini, akarudishwa. Tulipoifungua tukaisogelea sote. Ilikuwa na harufu ya nyumba iliyofagiwa siku ya Idi. Amini akasema hii sasa ni jibini ya Waislamu. Keziah akasema basi yeye atasilimu kwa kipande kimoja tu. Leo hoteli za Ras Kitau zinaiagiza kuliko nyingine zote, na wageni wanaulizana imefukizwa kwa kuni za mti gani.

Sasa nije kwenye baiskeli, maana hapa ndipo penye ugomvi.

Miaka miwili iliyopita chama kilileta baiskeli za betri. Barazani, jibini ikawekwa kando. Amini alisifu breki zake za diski, eti hata ukizigusa kwa wazo zinashika. Husni ana kidude usukanini kinachomwambia mwendo wake, joto la hewa na mapigo ya moyo, kana kwamba bila hicho hajui kama yu hai. Keziah alikuja na matairi yasiyo na tyubu, ambayo ndani yametiwa maji meupe mazito ya kuziba matundu. Kamaludin akauliza, je, maziwa hayo ni ya ng'ombe gani? Tairi la Keziah lilipokuja kufunguliwa, maji yale yalikuwa yameganda mabonge mabonge. Kamaludin akabonyeza bonge moja kwa kidole gumba, akatikisa kichwa, akasema bado halijawa tayari. Tulicheka mpaka Keziah akakaa chini.

Lakini mwenyewe hakuitaka baiskeli ya betri. Alisema ile ni punda anayekula umeme. Alisema mtu anayesukumwa hawezi kuota, kwa sababu ndoto yataka miguu ifanye kazi na kichwa kikae bure. Tukamwacha, kwani magoti yalikuwa yake.

Magoti sasa yamekataa. Daktari amemwambia baiskeli ya chuma basi, asiikanyage tena. Na hili ndilo linalotukosesha raha sisi, si kustaafu. Kazi huisha. Lakini ndia ya Hindi ni yake. Mkimpakia bodaboda atafika barazani, naam, na atafika hajafikiri lolote, vumbi tu mdomoni. Atakuja mara moja, mara mbili, kisha ataona haya kupakiwa kama gunia, atakaa nyumbani. Fahima ameniambia kwa mdomo wake: tangu wiki jana amekuwa akikaa ukumbini, mato wazi, hasemi, haoti.

Kwa hiyo tumemtengea baiskeli ya betri, na amekataa. Mwenyekiti alimbembeleza, akakataa. Keziah alimwomba kwa adabu zote, akakataa. Kiburi cha watu wa Siyu hicho, nakijua, mama yangu alitoka huko.

Basi na mimi nitasema nilichokiona, na aone haya mbele ya watu. Jumapili asubuhi nilikuwa dirishani nasuuza vitambaa vya jibini. Uwanja wa chama mtupu. Nikamwona Kamaludin, aliyeletwa na bodaboda kurudisha mikebe, anatazama kushoto, anatazama kulia, akaitoa baiskeli ya betri ya Keziah, akapanda. Alizunguka uwanja mara moja akiwa amekaza mwili kama anayeng'olewa jino. Akatoka langoni. Upepo wa asubuhi ukamwingia kwenye kanzu ikajaa, miguu inazunguka bila maumivu, baiskeli haina kelele hata ya kuamsha paka. Pale kwenye mteremko nikayaona mabega yameshuka. Kichwa kikaegemea upande. Midomo ikaanza kucheza. Wallahi, alipita kona ya kurudi, akateremka, akapotea, na nilisikia kwa masikio yangu wachukuzi wa gatini wakipiga kelele.

Unasema juu yake mtu hawezi kuota, Kamaludin? Ulikuwa wapi asubuhi ile? Nimekuwa nikijiuliza siku zote hizi. Nadhani ulikuwa darini, na mvua imekaribia.

Jana, karatasi hii ikingoja kupigwa chapa, alikuja mlangoni mwa chumba cha baridi. Salamu aliitoa nusu. Akamwuliza Husni kama betri ile yaweza kuchajiwa kwa sola ya nyumbani, na kama ikinyeshewa itamrusha mtu. Husni alikwishafungua mdomo acheke, nikamkanyaga mguu. Akajibu kwa heshima: yaweza, mzee, na haimrushi mtu. Kamaludin akaitikia, akatazama ukuta, akasema anamwulizia jirani.

Haya. Kamaludin, ahsante kwa maziwa ya miaka yote hii, na kwa kutufundisha kula ganda. Fahima, ahsante kwa moshi wako. Mola awape afya, uzee mwepesi na usingizi wenye ndoto. Na huyo jirani mpe salamu za chama. Mwambie baiskeli imejaa umeme, kiti nimekishusha mwenyewe kwa kimo chake, na Alhamisi ijayo, alasiri, asituchelewee.