Kadi Yenye Video za Mama

Kwenye treni, mshonaji mmoja alimwonyesha abiria wa pembeni, mpiga picha za harusi, memori kadi yenye video za marehemu mama yake. "Majina ya video yapo, lakini zenyewe hazifunguki."

"Pole, dada. Hii ni feki. Imeandikwa nafasi kubwa, kumbe ni ndogo. Ikijaa inajifanya inapokea, kumbe haihifadhi kitu. Mimi kadi mpya huijaza video pomoni, nikazifungua zote, ndipo niiamini."

"Na za mama?"

"Za mwanzo huenda zimo. Usirekodi tena humo, mpelekee fundi wa kuokoa video, yupo mmoja karibu na stesheni ijayo."

"Za mwanzo anacheka tu. Alituaga kwenye ile ya mwisho."

"Basi wahi hicho kicheko, dada."

Treni iliposimama, mshonaji aliifunga kadi kwenye leso, akauliza, "Huyo fundi yuko upande gani?"